UZI: Simu ya nyumbani au ya biashara? Vita ya bei ya simu iliyowakuta wenye mbao za kompyuta (BBS) Marekani

#1 Mzee wa Modemu

Wakuu, salaam nyingi. Kwenye uzi wa kulalamikia bando kuna mdau kasema watu wa zamani walifaidi, "waliunga waya wa simu ya mezani, mambo kwisha". Sikutaka kuuteka uzi wa wenyewe, ndiyo maana nimefungua huu. Hiyo simu ya mezani ilikuwa na maneno mengi. Marekani, kampuni za simu na watu wenye kompyuta majumbani walifikishana mbele ya tume za serikali kwa swali ambalo ukilisikia unaona dogo: mtu aliyeweka kompyuta chumbani kwake ikawa inapokea simu za wageni usiku na mchana, asimtoze mtu hata senti, huyo ni mteja wa nyumbani au ni mfanyabiashara?

Kwa vijana wa 2000 na kuendelea: kabla ya tovuti kulikuwa na BBS, ubao wa matangazo wa kompyuta. Mwenye ubao alikuwa na kompyuta moja, modemu moja (kifaa cha kupitisha data ya kompyuta kwenye simu kwa njia ya sauti), laini moja ya simu. Wewe ukiwa kwako unapiga namba yake kwa modemu yako. Yake inaitika kwa ule mlio wa kukwaruza, mnakubaliana kasi, unaingia. Unasoma meseji za waliotangulia, unajibu, unashusha programu, unakata. Laini moja, mgeni mmoja. Mwingine akipiga wakati huo anakuta inatumika, atajaribu baadaye. Kuna mbao zilizokuwa zinatumika jioni nzima, ukaweka modemu ikawa inarudia kupiga yenyewe huku wewe unakula.

Ubao wa kwanza unaojulikana ni CBBS wa Chicago. Januari 1978 theluji iliufunga mji, Ward Christensen na Randy Suess wakapata nafasi ya kulitengeneza wazo lao, mmoja upande wa programu, mwingine upande wa mashine. Wakaufungua tarehe 16 Februari 1978. Christensen alikuwa tayari ameandika XMODEM mwaka 1977, njia ya kupitisha faili kwenye simu na kukagua kama limefika salama. Iwekeni akilini hiyo XMODEM, itarudi kwenye habari za bei.

Sasa bei. Marekani, katika miji mingi (si yote, kulikuwa na miji iliyohesabu simu), mteja wa nyumbani alilipa kodi ya laini kwa mwezi, halafu simu za ndani ya eneo lake hazikuhesabiwa. Uongee dakika mbili au saa tatu, bili ni ileile. Za masafa ndizo zilizokatwa kwa dakika. Kwa sisi tuliokulia kwenye uniti hii ni habari ya peponi, na bila hiyo BBS zisingeota kama uyoga kule.

Lakini kitabu cha viwango kilikuwa na mafungu mawili makubwa: nyumbani na biashara. Laini ya biashara ni waya uleule, swichi ileile, mlio uleule, ila kodi yake katika maeneo mengi ilikaribia mara mbili ya nyumbani au ikazidi. Sababu haikuwa gharama. Ilikuwa sera ya tangu enzi za Bell (mfumo wa AT&T, kampuni iliyokuwa imeshika simu nyingi za Marekani), kwamba simu inamwingizia mwenye duka pesa, basi achangie zaidi ili laini ya nyumbani iwe ya bei ambayo kila familia inaimudu. Kama sera sina ugomvi nayo. Ugomvi ulikuja pale kampuni zilipoanza kuchungulia ni laini zipi za nyumbani zinazoitika kwa mlio wa modemu.

Mfano uliopigiwa kelele sana ni Houston, Texas. Mwishoni mwa 1988 Southwestern Bell, mojawapo ya kampuni saba zilizotokana na kuvunjwa kwa AT&T Januari 1984, ilianza kuwaambia wenye mbao wa Houston kwamba wanatakiwa kulipa bei ya biashara. Wenye mbao wakaungana, wakaunda kitu walichokiita COSUARD, muungano wa wenye mbao na watumiaji wao dhidi ya ubaguzi wa bei, shauri likaenda tume ya huduma za umma ya Texas.

Nitaendelea na hoja za kila upande. Naomba kwanza nione kama kuna watu.

#2 Karibu Kariakoo

Mkuu nimeweka kambi hapa. Endelea.

Ila swali la haraka. Kama hamtozi mtu, biashara inatoka wapi? Kwa hiyo mwenye genge barazani kwake alipe maji ya biashara sawa, lakini anayegawa maji ya kunywa kwa wapita njia naye alipe ya biashara?

#3 Mzee wa Modemu

Ndilo swali lenyewe, na hoja ya wenye mbao ilisimama hapohapo. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba kitabu cha viwango hakiangalii kama unapata faida, kinaangalia laini inatumikaje. Laini ya nyumbani ni ya familia na mawasiliano ya familia. Laini ambayo namba yake imetangazwa kwa umma, inaitika saa 24, na anayeipiga hamjui hata mwenye nyumba, hiyo imetoka kwenye matumizi ya familia. Hata kanisa na chama cha hisani, walisema, wanalipa bei ya biashara, na hawauzi kitu.

Nikiri tu kwamba hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ukisoma kitabu neno kwa neno, kampuni ilikuwa na pa kushika. Ila ilisahau jambo: kitabu kiliandikwa wakati ambapo laini inayopigiwa na umma mzima ilikuwa ya duka, kliniki au ofisi, na wote hao wana mtu wa kuipokea na sababu ya pesa ya kuipokea. Kijana wa sekondari mwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani, hakuwamo kwenye mawazo ya aliyeandika. Wakamlazimisha kwenye fungu la pili kwa kuwa la tatu halikuwepo.

Halafu kuna hesabu ya binadamu. Kodi ya laini ya pili ya nyumbani kijana anaweza kuilipa kwa kufyeka majani ya majirani. Ukiizidisha mara mbili, na pengine ukadai na amana ya biashara, ubao unafungwa mwezi huohuo. Kampuni isingepata ile pesa ya ziada. Ingepoteza hata kodi ya laini ya pili iliyokuwa inaipata, pamoja na laini za pili za wale waliokuwa wanampigia.

#4 Fundi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nimefanya kazi kwenye mtambo wa simu miaka mingi, tangu enzi za selekta, zile zinazopanda na kuzunguka, ukiingia chumbani asubuhi ni mvua ya vyuma, tak-tak-tak hadi saa sita. Naomba niitetee kampuni kidogo, maana naona inapigwa upande mmoja.

Watu wanadhani ukilipia laini umepewa njia yako kutoka nyumbani hadi mwisho wa dunia. Hapana. Waya wa kutoka kwako hadi kwenye mtambo ni wako. Ukishaingia ndani ya mtambo, njia ni za kushirikiana. Mtambo wa wateja elfu kumi hauna njia elfu kumi za kuongelea ndani yake, ungekuwa mkubwa kama uwanja wa mpira na bei yake hakuna ambaye angeilipa. Tunapima saa yenye msongamano, tunaangalia simu ngapi zinaingia na kila moja inakaa kwa wastani muda gani, tunaweka njia za kutosha ili wanaokosa wawe wachache sana. Hesabu hiyo ni ya Mdenmark, Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliichapisha mwaka 1917 na mitambo ya dunia nzima ikapimwa kwayo.

Sasa simu ya sauti kwa kawaida ni dakika chache. Habari za huko, mjomba amefika, haya kwaheri. Modemu inashika njia dakika arobaini, saa, saa mbili. Kwa mtambo, mteja mmoja wa modemu ni sawa na wateja wa sauti kumi na zaidi. Mngekuwa nyinyi mainjinia mngenyamaza?

#5 Mzee wa Modemu

Marahaba mzee wangu, na shikamoo. Shule hiyo ilikuwa inahitajika hapa.

Naomba nikuulize kwa adabu. Ubao wa laini moja unaweza kushika njia ngapi kwa wakati mmoja?

#6 Fundi Mstaafu

Moja. Najua unakonipeleka.

#7 Mzee wa Modemu

Ndiyo hapo mzee. Ubao wa laini moja haushiki zaidi ya njia moja, hata ukiitika saa 24. Binti wa jirani anayeongea na mchumba wake saa mbili kila jioni anashika njia ileile, saa ileile ya msongamano, na analipa bei ya nyumbani. Umesema mwenyewe mtambo unapimwa kwa saa yenye msongamano. Mgeni anayeingia kwenye ubao saa tisa usiku anatumia njia ambayo ingekuwa imelala. Gharama yake kwa kampuni ni sifuri. Kampuni zilipenda kutaja jumla ya saa za mwezi kwa sababu ni tarakimu kubwa inayotisha, lakini jumla ya saa haijengi mtambo.

Ubao wa laini nane au kumi na sita, hapo nakubaliana nawe. Tena hao walihitaji laini zinazorithishana, namba moja inapigwa na simu inaangukia kwenye laini yoyote iliyo wazi, na mara nyingi huduma hiyo iliuzwa kwenye fungu la biashara. Wengi wao walikuwa wanatoza ada kabisa. Hao ni wafanyabiashara na walilijua hilo.

Texas iliishia humohumo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pande mbili zilifikia maelewano kwamba ubao ulio nyumbani, wenye laini chache, usiodai malipo wala kuyaomba, ubaki na bei ya nyumbani. Mwenye laini nyingi au anayetoza aende fungu la biashara. Hawakushinda kwa kishindo, ila wapenzi wa kawaida waliokolewa. Maeneo mengine ya Marekani kampuni nyingine nazo zilijaribu jambo lilelile, na kila jimbo liliamua kivyake, maana bei za simu za ndani zilikuwa chini ya tume za majimbo.

Angalieni neno "kuomba" hapo juu. Mbao nyingi zilikuwa na ujumbe wa kukaribisha mchango wa bili. Mgeni anatuma dola tano kwa posta kwa hiari yake. Chini ya maelewano ya aina hii, sentensi moja ya shukrani kwenye ukurasa wa kuingilia ingeweza kukuhamisha fungu. Kwangu mimi hilo ndilo doa la maelewano yale. Mtu anaruhusiwa kupata hasara, akipunguza hasara anaitwa mfanyabiashara.

#8 Nyayo254

Wadau wa TZ mko juu. Huku kwetu Kenya enzi za Posta na Simu kulikuwa hakuna cha "local ni bure", ilikuwa ni uniti, na simu ofisini ilikuwa inafungwa kufuli kwenye ile sehemu ya kuzungusha namba. Sasa mkuu, Ulaya nayo ilikuwa kama Marekani ama kama sisi?

#9 Mzee wa Modemu

Kama sisi, ndugu yangu. Uingereza simu za ndani zilihesabiwa kwa uniti, kwa hiyo anayeingia kwenye ubao wa mtaa wa pili analipa. Mwenye ubao hakupata shida ya "nyumbani au biashara" kwa ukali ule, kwa kuwa kampuni ilikuwa inakula kwa kila mgeni anayempigia. Kampuni yenye mita haichukii ubao, inaupenda.

Ujerumani Magharibi ndiyo ilikuwa kali kwa njia nyingine. Posta ya serikali ndiyo ilikuwa na simu zote. Miaka ya 1980 uniti ya simu ya ndani ilikuwa pfennig 23, mchana unapata dakika 8, wakati wa bei nafuu dakika 12. Hilo bado si baya. Baya ni kwamba kuunga modemu isiyoidhinishwa na Posta kwenye waya wao lilikuwa kosa la jinai, na zilizoidhinishwa zilikuwa ghali. Vijana wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi wa huko, wakachapisha maelekezo ya kujitengenezea kifaa cha kushika mkono wa simu kwa sauti tu, bila kugusa waya, na vile vikombe vya mpira vya kubana sikio na mdomo wa simu vilitoka duka la vifaa vya bomba la choo. Unalaza mkono wa simu, unabana, unaomba mtu asipige mlango kwa nguvu.

Marekani nako hali ilikuwa ya aina hiyo mpaka 1968, tume ya mawasiliano ya taifa, FCC, ilipoamua kesi ya Carterfone na AT&T ikapoteza haki ya kukataza kila kifaa kisicho chake. Bila uamuzi ule Hayes, mtengeneza modemu, asingeuza Smartmodem mwaka 1981 ya kuchomeka moja kwa moja ukutani.

Sasa niwape hesabu muone mita inafanya nini. Faili la kilobaiti 100, dogo kuliko picha moja ya hali ya WhatsApp. Kwa modemu ya kasi ya 300, herufi 30 kwa sekunde, linachukua karibu dakika 57. Kwa 2400, dakika 7. Kwa 14,400, dakika moja na kidogo. Mjerumani wa kasi ya 300 mchana analipa uniti 8 kwa faili hilo. Mmarekani wa Houston halipi kitu, analala, asubuhi faili lipo. Ndiyo maana watu wa nchi za mita walikazana na programu za kusoma meseji nje ya laini: unaingia, unabeba furushi la meseji lililobanwa, unakata, unasoma na kujibu bila haraka, unapiga tena kwa dakika mbili kupeleka majibu.

#10 Binti Ungamo

Mzee wa Modemu asante sana, nimejifunza. Naomba kuongeza upande ambao naona haujaguswa, FidoNet, mtandao wa mbao kupelekeana barua, kwa sababu ndiyo iliyotufikia sisi.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu ya ubao wake ili uweze kuupigia ubao mwingine wenyewe, usiku, na kubadilishana barua. Mwenzake wa kwanza alikuwa Baltimore, pwani ya pili ya nchi. Kwa nini usiku? Bei. Marekani simu ya masafa baada ya saa 5 usiku mpaka saa 2 asubuhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Wakatenga saa moja ya barua ambapo kila ubao lazima uache kupokea wageni ubaki wazi kwa wenzake. Kwa Amerika Kaskazini ni saa 7 usiku ya California, saa 10 alfajiri ya New York.

Mbao zikawa nyingi, kila mmoja anampigia kila mmoja, bili zinaumana. Mwaka 1985 watu wa St. Louis wakaja na mpango wa kugawa mtandao kwa miji. Barua zote za kwenda St. Louis zinapelekwa kwa simu moja ya masafa kwenye ubao mmoja, huo unazigawa kwa wenzake kwa simu za ndani ambazo hazihesabiwi. Anwani ya FidoNet, ile namba ya mtandao, mkwaju, namba ya ubao, imezaliwa hapo. Ukiitazama anwani ile unaona ramani ya bei ya simu.

Afrika tulipewa kanda ya 5. Nairobi kulikuwa na NGONET, iliyokuwa chini ya kituo cha mashirika ya mazingira, ELCI. HealthNet ya SatelLife ya Boston ilipeleka barua na taarifa za tiba kwa madaktari wa nchi za kwetu. Makerere nao walikuwa na mfumo wao. Lango lilikuwa GreenNet, London. Simu ya kutoka Ulaya kuja kwetu ilikuwa nafuu mno kuliko ya kutoka kwetu kwenda Ulaya, kwa hiyo mashine kupigiwa badala ya kupiga ilikuwa akili ya kawaida. Barua za ofisi nzima zinabanwa, zinasubiri, zinaondoka mara moja au mbili kwa siku kwa dakika chache. Picha hakuna, kiambatisho ukikituma kikubwa unapigiwa kelele, kwa sababu kuna mtu analipa dakika zake.

#11 Karibu Kariakoo

Kwa hiyo kubipu hatujaanza sisi 😂 Mashine zilikuwa zinabipiana zamani.

#12 Binti Ungamo

😂😂 Tofauti ni kwamba hizi ziliitika kweli.

#13 Mzee wa Modemu

Binti Ungamo umemaliza kila kitu, heshima kwako. Niongeze moja hapo kwenye bei na programu, kwa sababu wengi hawaijui.

Mwaka 1985 kampuni ya Telenet ilikuwa na mtandao wa data uliojengwa kwa ajili ya makampuni, mchana umejaa, usiku umelala. Wakaona bora ufanye kazi. Wakaanzisha PC Pursuit: unalipa dola 25 kwa mwezi, usiku na wikiendi unapiga simu ya ndani ya mji wako, unapita kwenye mtandao wao, unatokea mji mwingine na kupiga kutokea huko simu ya ndani. Ukiwa New Jersey unaingia kwenye ubao wa Los Angeles bila simu ya masafa. Wapenzi walichanganyikiwa kwa furaha.

Tatizo likawa XMODEM. Inatuma kipande cha baiti 128, inasimama, inasubiri jibu la "nimepata", ndipo inatuma kingine. Kwenye waya wa moja kwa moja subira hiyo huioni. Kwenye mtandao wa Telenet jibu linachelewa, kila kipande kinasubiri, modemu ya 1200 inatembea kama ya 300. Telenet wenyewe wakamlipa Chuck Forsberg, mwaka 1986, akaandika ZMODEM, inayotiririsha bila kusimama na ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Watu waliotumia ZMODEM miaka yote ile wakidhani ni kazi ya mpenzi mmoja tu, ilizaliwa kwenye tatizo la huduma ya dola 25.

Na mwaka 1989 Telenet wakaweka kikomo cha saa kwa mwezi, kwa sababu watu walikuwa wanaishi humo. Wa bando la "bila kikomo" mnajua habari hiyo.

#14 Nyayo254

Mkuu, na ile "kodi ya modemu" ilikuwa kweli ama ni fununu? Nimewahi kuona meseji ya kale imesambazwa hadi inachosha, "andikieni FCC kabla hawajatutoza."

#15 Mzee wa Modemu

Vyote viwili. Ilikuwa kweli, ikafa, halafu fununu yake ikaishi kuliko yenyewe.

Kampuni za masafa zilikuwa zinailipa kampuni ya simu ya mtaa kwa dakika kila zinapotumia waya wake. Mwaka 1983 FCC iliziachia huduma za kompyuta, Telenet, CompuServe na wenzao, zisilipe hiyo ada, zilipe kodi ya kawaida ya laini ya biashara tu. Mwaka 1987 FCC hiyohiyo ikapendekeza kuuondoa msamaha. Ingemaanisha dola kadhaa kwa kila saa juu ya anachotozwa mtumiaji, na PC Pursuit ingekufa siku hiyo. Barua zikamiminika Washington, na mwaka 1988 pendekezo likaachwa.

Ila kilichoguswa pale ni huduma kubwa, si ubao wa chumbani kwa mtu. Ya Houston ilikuwa kodi ya laini, jimbo linaamua. Ya FCC ilikuwa ada ya dakika, taifa linaamua. Wenye mbao wenyewe walizichanganya, na ile barua ya mkufu iliendelea kuzunguka miaka mingi kwa sababu hakuna aliyekuwa anaandika tarehe. Unapokea mwaka 1993 wito wa kupinga pendekezo lililokufa miaka mitano nyuma, unausambaza kwa mbao tano, kazi imeisha.

#16 Fundi Mstaafu

Hapo sasa mwambie na yaliyofuata, maana hoja yangu ya njia haikufa na BBS. Watoa huduma ya intaneti walipokuja, mitambo ilielemewa kweli. Hilo halikuwa tena suala la mtoto na Commodore.

#17 Mzee wa Modemu

Kweli mzee. Desemba 1996 AOL, mtoa huduma ya intaneti, ilihamia bei moja ya mwezi, dola 19.95 bila kuhesabu saa, watu wakaingia wakakaa. Laini zikawa hazipatikani, ikawa habari ya magazeti. Kampuni za simu za mtaa zikarudi FCC na ripoti kwamba watoa huduma ya intaneti wanazishikilia swichi zao na hawalipi. Mwaka 1997 FCC ikaamua msamaha wa 1983 ubaki.

Halafu kuna kipande ambacho kila nikikisoma nacheka peke yangu. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliruhusu kampuni mpya za simu kushindana na zile kongwe mtaani. Zikitumiana simu, ile inayopiga inailipa ile inayopokea kwa dakika. Kampuni kongwe zilipigania kiwango hicho kiwe cha juu, zikiamini wateja wa kampuni changa ndio watakaopiga na wao wakongwe ndio watakaopokea na kulipwa. Kampuni changa zikafikiri mara moja tu: nani anapokea simu nyingi na hapigi hata moja? Mtoa huduma ya intaneti. Wakawafuata hao, wakawapa laini kwa bei ya kubembeleza, dakika zikatiririka upande mmoja na wakongwe wakalipa kwa kiwango walichokidai wenyewe. Mwaka 2001 FCC ikakishusha kiwango hicho kwa simu za kwenda kwa watoa huduma ya intaneti.

Miaka kumi nyuma laini inayopokea tu ilikuwa hasara inayotakiwa kuadhibiwa kwa bei ya biashara. Ikageuka mali, na aliyefaidi si mwenye ubao.

#18 Fundi Mstaafu

Nimekusikia. Bado nasimama nilipo. Tatizo lao lilikuwa kutohesabu simu za ndani. Wangeweka mita saa za jioni tu, saa ya msongamano, na usiku wakaacha bure, kusingekuwa na Houston wala tume. Kila mtu angelipa anachokula, awe na modemu au awe na mchumba.

#19 Mzee wa Modemu

Kwenye karatasi uko sahihi mzee wangu. Ila saa ya jioni ndiyo saa ambayo mtu ametoka kazini, mtoto ametoka shule, wamekula, wanaingia kwenye ubao. Ukiweka mita saa hiyo unabaki na wale wa saa tisa usiku, na hao walikuwa watu kumi mji mzima, sita kati yao wenye mbao wenyewe. Ujerumani walikuwa na mita na bado mbao zilikuwepo, nakubali, lakini ukilinganisha na wingi wa Marekani unaona mita ilifanya nini.

#20 Fundi Mstaafu

Ujerumani walikuwa na marufuku ya modemu, wewe mwenyewe umesema hapo juu. Usiibebeshe mita dhambi ya Posta.

#21 Mzee wa Modemu

Hapo umenikamata, mzee. Uingereza basi. Hawakuwa na marufuku ya aina ile, mita walikuwa nayo.

#22 Fundi Mstaafu

Uingereza nitakujibu kesho, naitwa kula.